Nilivyomfundisha Mdukuzi Nyimbo Zetu

Nimezaliwa Turkana, nikasomea Nairobi, kisha nikarudi Lodwar kwa hiari yangu mwenyewe, jambo ambalo wenzangu wa chuo mpaka leo wanaliona kama ugonjwa. Wananiuliza kwenye simu, "Bado uko huko?" Nawajibu niko, na nitakuwepo, na wao wakae na foleni zao za magari. Kazi yangu ni kutunza mifumo ya kompyuta ya idara ya afya ya kaunti. Ofisi yetu ina feni mbili, na ile nzuri tumeipa seva. Sisi tunajipepea na mafaili ya zamani ambayo hayana kazi tena, na nafikiri hayo ndiyo matumizi bora kabisa ambayo mafaili yale yamewahi kupata.

Kabla ya mfumo wetu kulikuwa na mwingine, ulionunuliwa kwa kampuni moja ya mjini. Ulikuwa mzuri kwa macho, wenye rangi na vibonyezo vya kung'aa, ila ulikuwa umefungwa kama sanduku la bi harusi. Hakuna mmoja wetu aliyejua ndani yake mna nini. Mkataba ukaisha, wakubwa wakachelewa kuandikiana upya, na asubuhi moja tukaamka tukakuta tumefungiwa nje. Wagonjwa ni wetu, wauguzi ni wetu, hata umeme tunalipa sisi, lakini ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mtu ambaye hajawahi kukanyaga Kakuma.

Siku zile mama yangu alikuwa akitumia dawa za kifua kikuu. Alikuwa ameanzishiwa hapa Lodwar, kisha mvua ikanyesha upande wa mpaka, na mbuzi hawasubiri dozi iishe. Akaondoka nao kuelekea Nadapal. Dawa zilipopungua alifika kwenye kituo cha Kakuma, na muuguzi akafungua kompyuta akakuta kioo kitupu. Hakujua mama ameanza lini, ametumia dawa zipi, amebakisha ngapi. Akafanya lile ambalo muuguzi mwenye akili hufanya, akamwanzisha upya. Mama alimeza tena dozi ambayo alikuwa karibu kuimaliza, na zile dawa si peremende. Mimi nilikasirika, na hasira yangu haipoi kwa chai. Mimi na wenzangu wawili tukakaa chini tukajenga mfumo wetu.

Tuliujenga juu ya programu huria, zile ambazo mtu yeyote duniani anaweza kuzifungua na kusoma namna zilivyoandikwa. Faili ya mgonjwa ikiandikwa Lodwar inasomeka Kakuma, inasomeka Kaikor, inasomeka mpaka kule Kerio kwa wavuvi, ili mradi anayeifungua ni mtu aliyeruhusiwa. Kaunti ikikosana nasi kesho, inaweza kumwajiri mtu mwingine akaendelea pale tulipoishia. Hakuna ufunguo wa siri ulio mfukoni mwa mtu. Nasema bila aibu: nilijivunia kazi ile, na bado najivunia.

Lakini kulikuwa na mama mmoja kwenye kamati ya kaunti, mwenyekiti, mtu makini asiyecheka ovyo, naye alikuwa na swali moja tu. "Kitu kilicho wazi kitakuwaje salama?" Alilirudia kila kikao. Siku moja nikamjibu kwa mambo ya nyumbani. Nikamwambia, "Mama, ua wa boma letu kila mtu anajua unavyojengwa. Mtoto anajua, adui anajua, fisi mwenyewe amekaa nje akitazama tukiujenga. Anashindwa kuingia kwa sababu ya miiba. Siri haihusiki." Wazee wa kamati wakatikisa vichwa kukubali. Yeye akasema, "Vizuri. Basi tumlete fisi tuone."

Ndivyo lilivyoamuliwa jaribio. Kaunti ingemleta mdukuzi wa halali, mtu anayelipwa kuvunja mifumo ili kuonyesha palipo na udhaifu. Akifanikiwa kuingia na kusoma faili hata moja ya mgonjwa, mfumo wetu unazimwa na ile kampuni inarudi na kufuli lake. Akishindwa, unabaki. Masharti yalikuwa mepesi. Nikiona tundu, ninaruhusiwa kuliziba, maana hiyo ndiyo kazi yangu siku zote. Ila kuchungulia kumbukumbu za mfumo nijue amejaribu wapi, hapana, mpaka ripoti isomwe.

Hapo lazima niwaelezee kuhusu mkubwa wangu. Ni mzee wa afya wa zamani, aliyechanja watoto wa kaunti hii kwa miguu kabla hatujawa hata na barabara. Akaunti yake inafungua kila kitu, na yeye ndiye aliyetutetea kwenye kila kikao. Nilipowafundisha yeye na wakuu wengine kuutumia mfumo, niliwaambia kila mmoja achague nywila yake, ile ambayo ofisini sote tunaiita pasiwadi. Iwe ndefu, nikawaambia, na isiwe neno ambalo mtu anaweza kulikisia. Tulikuwa tumeweka kipimo: ukiandika neno dhaifu, mstari unakuwa mwekundu, ukiandika imara, unakuwa wa kijani. Kipimo kilikuwa na maneno yote ya kawaida ya Kiingereza na ya Kiswahili, na kiliyakataa yote.

Wazee wale waliinama kwenye kompyuta, midomo ikichezacheza, na mistari ikawa ya kijani chumba kizima. Mkubwa alikuwa hata akivuma wimbo kwa chini huku akibonyeza. Nikafikiri ni furaha ya kujua kompyuta. Nilirudi nyumbani nikiringa. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Hawakukaa na wazee wetu mbele ya kompyuta.

Mdukuzi akaja. Alikuwa kijana wa Nairobi, mpole, mwenye kofia pana na mafuta ya kujipaka puani. Nilitaka kumchukia nikashindwa, kwa sababu siku ya kwanza tu alijifunza kusalimia kwa Kiturkana. Alikuwa akiingia kila ofisi, "Ejok!" mpaka mabawabu wakampenda. Alijaribu mfumo wetu akiwa Lodwar, akaugonga huku na huku, kupitia mtandao, kupitia nyaya, kupitia barua za uongo alizowatumia makarani, na jioni akinipita mlangoni uso wake ulikuwa wa mtu aliyekula chakula kisicho na chumvi. Mimi nilimkaribisha chai. Moyoni nilikuwa nacheza.

Jumamosi tukaenda Kakuma kufungua wodi mpya ya akina mama. Mkubwa alikuwepo, wakuu wote wa idara walikuwepo, na mdukuzi akaomba kuja ili ajaribu kutokea kituo cha kule. Sala zikaisha, hotuba zikaisha kwa shida, nyama ikaliwa, kisha ngoma ikaanza. Wakuu wakavua makoti. Mnaojua kwetu mnajua kitakachofuata: kila mwanaume ana ng'ombe wake, dume mmoja anayempenda kuliko wote, na anaitwa kwa huyo ng'ombe, na akiingia kwenye ngoma anamwimba. Anainua mikono iwe pembe, jinsi zilivyopinda za ng'ombe wake hasa, na anataja jina, na rangi, na mabaka, na kengele ya shingoni. Hata awe na digrii ngapi.

Kijana alisimama kando yangu, macho kodo. "Madam, huyu anaimba nini?"

Nani angenyamaza? Nikamweleza. Nikamtafsiria yule mkuu wa dawa na vifaa, ambaye dume lake ni jeusi lenye tumbo jeupe. Nikamtafsiria yule wa chanjo, mwenye la kahawia lililopinda pembe moja mbele. Nikamwambia kwamba kwa Kiturkana rangi ya ng'ombe peke yake ina maneno ambayo Kiswahili hakina, na jina la ng'ombe linabeba rangi na umbo pamoja. Alisikiliza vizuri sana. "Rudia hilo la mwisho, tafadhali. Nataka nilitamke sawasawa." Nikarudia. Akalisema, nikamrekebisha, akalisema tena likatoka safi, nikampongeza. Nilikuwa nimevimba kwa fahari, mgeni anapenda lugha yetu.

Kisha mkubwa akaingia uwanjani. Mzee wa watu, mikono juu, akaruka kama kijana, akaanza wimbo wa dume lake, na mimi nikafungua mdomo nitafsiri. Mdomo ukabaki wazi. Ule wimbo niliujua. Ndio uleule aliokuwa akiuvuma siku ya mafunzo, akibonyeza.

Nikageuka nikawatazama wengine, wale ambao midomo yao ilikuwa ikichezacheza. Jina la ng'ombe ni refu. Halimo kwenye kamusi ya Kiingereza wala ya Kiswahili. Kipimo changu kingelipatia kijani mia kwa mia. Na hakuna mtu kuanzia Lodwar hadi Nadapal asiyelijua, kwa sababu lipo ili liimbwe. Kikulacho ki nguoni mwako. Wazee walioutetea mfumo wetu ndio walioacha lango wazi, na mimi nilikuwa nimesimama hapo namfundisha mwizi matamshi.

"Na huyu mzee?" kijana akauliza. "Ng'ombe wake anaitwaje?"

"Sisikii vizuri," nikasema. "Kelele."

Akatabasamu. Mtoto aliyekuwa karibu nasi, mwenye adabu zake, akamtajia.

Kijana akabaki Kakuma. Sisi tukarudi Lodwar na gari la ofisi, mimi na mkubwa kiti cha nyuma, dereva mbele. Nilingoja tuivuke milima ya Pelekech ndipo nikaanza. Nikamwambia, "Mkubwa, nakuomba ubadilishe pasiwadi yako leo."

"Kwa nini? Ilikuwa kijani."

"Kwa sababu nadhani ni ng'ombe wako."

Akanitazama kama nimemvua nguo. Akasema, "Na kama ni yeye? Hiyo ng'ombe yangu ni jina yangu. Baba yangu alinijua kwa hiyo ng'ombe. Wewe unataka nifiche ng'ombe yangu kama mtu ameiba?"

Nikamwambia simwambii amfiche, amwimbe mpaka koo likauke, ila asimfunge mlangoni pa hospitali. Akasema mlangoni ndipo ng'ombe mzuri anapofungwa, wageni wamwone. Nikasema wageni wameshamwona, na mmoja wao amelala Kakuma anafanya mazoezi ya jina lake. Tulibishana hivyo mpaka dereva akaongeza sauti ya redio. Mimi nina ulimi, najua, na nilishaanza kupandisha sauti kwa mtu wa umri wa baba yangu. Nikajizuia. Ningeweza kuwafutia wote nywila zao kwa kubonyeza mara moja. Lakini mwanaume wa kwetu ana zaidi ya ng'ombe mmoja wa kuimba, nao wangechagua dume la pili, wimbo wa pili, na tungerudi palepale. Na ujumbe wa siri wa simu, ule wanaoutumia mabenki, nao haungefaa, maana Kaikor ujumbe unaingia siku unapopenda wenyewe.

Nikamwuliza kwa upole, "Mkubwa, huyo dume, ukimwita jina lake akiwa malishoni, anakuja?"

Uso ukamchangamka. "Anakuja. Hata akiwa mbali."

"Na mtu mwingine akijifunza kumwita kama wewe? Sauti hiyohiyo, wimbo huohuo?"

Akafikiri. "Atakuja."

"Akienda naye, huyo ng'ombe ni wa nani?"

Alinipa kisogo akatazama nje, kwenye mchanga na miti ya miiba, mpaka tulipoingia Lodwar. Aliposhuka hakuniaga. Nilijilaumu, nikajiambia mdomo wangu umeuza mfumo.

Jioni ile niliwapigia simu wakuu wengine, mmoja mmoja. Wote walinisikiliza. Wote waliuliza jambo moja: "Mkubwa amebadilisha?" Nikasema sijui. "Basi tunamngoja." Kwetu aliye mkubwa ndiye hutangulia kunywa, na hakuna kompyuta iliyowahi kuugeuza utaratibu huo. Kanisani kesho yake niliomba kwa ajili ya mambo mengi, na sala ndefu kuliko zote ilikuwa ya mfumo wa kompyuta. Mungu atanisamehe.

Jumatatu asubuhi mkubwa akasimama mlangoni pangu. "Mashine yako imenikataa."

Mfumo wetu huifunga akaunti ya mtu akikosea nywila mara nyingi. "Umekosea kuandika?" nikamwuliza.

"Nimeandika mara moja tu. Ndiyo kwanza natoka nyumbani."

Maana yake mtu mwingine aliigusa kabla yake. Kijana alikuwa amepita hapo, na majina ya ng'ombe mdomoni. Kama akaunti ilijifunga, basi kwa mkubwa alikosa. Au alipata kwanza, akasoma alichotaka, kisha akaifunga makusudi ili anicheke? Na wale wengine je? Kumbukumbu za mfumo zilikuwa hapo mbele yangu, kibonyezo kimoja tu, na masharti yalinikataza. Nikamwuliza, "Mkubwa, ulibadilisha?"

Akanitazama kwa dharau kubwa. "Ulitufundisha mtu asiulizwe habari ya pasiwadi yake. Sasa wewe unauliza?" Akaenda zake, akaniacha na jibu la kwangu mwenyewe.

Hapa niseme jambo moja kuhusu yaliyotokea baadaye, kwa sababu najivunia na sitaki kulisahau. Kipimo chetu siku hizi kinakataa majina ya ng'ombe. Nilikaa na mama na shangazi zangu, wakanitajia rangi, mabaka na pembe, wakibishana na kuchekana, na nikayaweka maneno yote kwenye programu. Na kwa kuwa programu ni huria, tuliyaacha wazi kwa kila mtu. Mtu mmoja kutoka upande wa Uganda, ambako nao huimba madume yao, alituandikia kwamba ameyachukua na kuongeza ya kwao. Lugha ambayo shuleni tulichapwa kwa kuisema sasa inalinda milango ya ofisi za watu ambao sitawaona kamwe. Mama alipoelezwa alisema tu kwamba shangazi amekosea rangi mbili.

Turudi kwenye jaribio, siku ya mkutano wa kusomwa ripoti. Ukumbi wa kaunti ulikuwa umejaa, mwenyekiti mbele na miwani yake, wakuu wa idara safu ya kwanza, mimi ukutani karibu na mlango ili nikimbie vizuri. Kijana akasimama. Akasema mtandao aliupiga ukamshinda. Nyaya zilimshinda. Barua za uongo zilimpatia karani mmoja tu, ambaye akaunti yake haifungui faili ya mgonjwa. Alikuwa akisema polepole, na mimi nilikuwa nataka nimtikise amalizie.

"Halafu," akasema, "Jumamosi nilisikia nyimbo."

Akaeleza alivyowaza, majina marefu, hayamo kwenye kamusi, kila mtu analipenda lake. Akasema alikuwa na hakika. Alikaa Jumatatu alfajiri kwenye kituo cha Kakuma, akayajaribu yote, kwa kila mkuu, kwa kila namna aliyoweza. "Akaunti za wakuu wote zimejifunga," akasema. "Hakuna hata moja iliyofunguka. Sikuingia."

Niliushika ukuta. Kwa hiyo mzee alikuwa amebadilisha, na si yeye tu, lazima alikuwa amewapigia simu wenzake wote Jumapili ile, yeye mwenyewe, na hakuniambia.

Lakini wazee hawakuwa na habari na ushindi. Yule wa chanjo aliinuka taratibu. "Ngoja," akamwambia kijana. "Wewe umeita ng'ombe yangu? Kwa mlango ya watu wagonjwa?"

Kijana akanitafuta kwa macho. Mimi nikatazama dari, maana nilishamfundisha vya kutosha. Mkubwa ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akapangusa machozi, akasema, "Ameita, hakuitikiwa. Sasa mnataka nini tena?" Na ukumbi wote ukaangua kicheko, kijana naye, kwa shukrani.

Mwenyekiti akavua miwani. Akasema mfumo unabaki, na kwamba kamati inaomba ile hoja ya kampuni isiletwe tena. Kisha akanitazama mimi kule ukutani na kusema, "Miiba ni mizuri." Kwa mama yule, hiyo ni sherehe nzima.

Watu wakaanza kuinuka. Yule wa dawa na vifaa akamgonga mkubwa begani, akamtania mbele ya wote. "Mzee, tuambie basi. Umeweka ng'ombe gani sasa?"

Wote wakangoja. Mzee huyu, kumwuliza habari ya ng'ombe wake ni kujitakia kukaa mpaka jioni. Amewaimba mbele ya mawaziri na mbele ya maaskofu, kwenye harusi na kwenye matanga. Akafunga kifungo cha koti, akachukua fimbo yake.

"Yuko," akasema. "Ni ndama tu. Nimempa jina juzi, na sitamwimba. Hata mama watoto hajui anaitwa nani."

Akatoka. Wenzake walipisha njia, kwa sababu walielewa alichokitoa, ng'ombe mzima asiyeimbwa. Nami nilielewa. Nikamfuata nje nimshukuru, nikamkuta amesimama kwenye kivuli cha ukuta, midomo yake ikichezacheza bila sauti, nikarudi ndani nikamwacha.